Labani aliyemwogopa mwizi



Mikumi inaishi kwa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa: migahawa, nyumba za wageni, gereji, mabanda ya nyama choma. Kilosa mjini utakuta maduka ya jumla, mashine za kukoboa na wakala wa pesa za simu. Nyingi ni biashara za mtu mmoja na wasaidizi wawili au watatu.

Waulize wenye biashara hizo wanaogopa nini kwa wafanyakazi wao. Mara nyingi jibu la kwanza ni wizi. Ndiyo maana wengine huja ibadani na funguo za duka mfukoni, na mahubiri yakiendelea mawazo yako kwenye droo ya fedha.

Hofu hiyo si ya bure. Lakini soma Mwanzo 31. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20. Labani mwenyewe alikiri kwamba amebarikiwa kwa ajili ya Yakobo, lakini, kwa maneno ya Yakobo, alimbadilishia ujira mara kumi. Siku moja Yakobo aliondoka bila kuaga. Labani alimfukuzia siku saba, na alipomfikia akamwuliza kwa nini ameiba miungu yake. Ni kweli, Raheli alikuwa ameiiba. Lakini Labani hakujiuliza kwa nini mchungaji wake bora ameondoka.

Ndugu yangu mwajiri, nawe jiulize. Mshahara wa mwezi uliopita umelipa? Kijana wako akiugua leo, nani mwingine anajua bei na madeni ya wateja? Mmeandikiana chochote? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yawe kwa maandishi, na inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Kumbukumbu la Torati 24 inakwenda mbali zaidi: kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, asije akamlilia Bwana.

Je, tuache kukagua? Hapana. Katika 2 Wakorintho 8, Paulo hakumwachia mtu mmoja peke yake fedha za michango. Alituma ndugu kadhaa ili asiwepo wa kulaumiwa. Basi fungeni hesabu jioni pamoja, wewe na msaidizi wako, na kila mmoja atie sahihi kwenye daftari. Hapo unalinda mtaji wako na jina lake pia, maana fedha zikipungua anayeshukiwa kwanza ni yeye.

Nawe uliyeajiriwa, mkumbuke Yusufu nyumbani kwa Potifa. Alikabidhiwa kila kitu, na hakuugeuza uaminifu huo kuwa nafasi ya kujichukulia.

Kesho Jumatatu, kabla ya kuhesabu bidhaa, hesabu kwanza unachodaiwa na mtu anayekufungulia duka. Kilipe.

Jumapili njema.