Maharage Badala ya Nyama ya Ng'ombe katika Chakula cha Haraka: Mfano wa Nyololo

Mwaka 2019 Burger King ilianza kuuza kote Marekani baga ya soya iliyotengenezwa ifanane na nyama ya ng'ombe. Huko Nyololo, wilayani Mufindi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, mbadala wa nyama ni wa kale na haujigeuzi sura: ni ugali kwa maharage.

Kwa uzito ulio sawa nyama hushinda. Gramu 100 za nyama iliyopikwa zina takribani gramu 26 za protini. Maharage yaliyopikwa, takribani 9. Hata hivyo, maharage hupakuliwa kwa wingi, ilhali nyama huwa vipande vichache. Aidha, maharage yana laisini, ambayo ni haba katika mahindi, hivyo ugali na maharage hukamilishana.

Tatizo la kweli ni madini ya chuma. Chuma cha maharage hufyonzwa kidogo kuliko cha nyama, na chai, zao la Mufindi yenyewe, ikinywewa pamoja na mlo hukipunguza zaidi; chungwa husaidia. Vitamini B12 haimo kabisa katika maharage. Kwa dereva apitaye, hilo si neno. Mtoto wa mama lishe, alaye maharage hayo kila siku, huhitaji pia dagaa, yai au maziwa.