Wasanii Wapatiwe Pa Kukutana

Sanaa yetu haikuzaliwa jukwaani, ilizaliwa barazani. Nyumbani kwa marehemu Siti binti Saad, Ng'ambo, wapigaji na marafiki walikutana usiku, wakizungumza habari za mji na kuzitungia nyimbo. Mwaka 1928 yeye na wenzake walirekodi Bombay. Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarab kilichoasisiwa mwaka 1905, jina lake lenyewe ni udugu.

Hata leo mcheza ngoma, mtunzi na mpiga udi wanahitaji mahali pa kukutana pasipo kiingilio wala kadi ya mwaliko. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini urithi si kuta peke yake. Basi ndugu wenye dhamana ya majengo, kila nyumba inapogeuzwa hoteli, hawana budi kujiuliza: wasanii wetu watakutana wapi?