Nyanya unayomlisha mtoto ilipuliziwa dawa lini?

Dagaa, maharage, mchicha: mboga nyingi zinazopikwa Buseresere huanza na nyanya na kitunguu. Mtoto akishaanza kula chakula cha familia, hukutana na nyanya karibu kila siku. Kwa hiyo yale madoa meupe kama unga unayoyaona kwenye ganda si ya kupuuza.

Mara nyingi hayo ni mabaki ya dawa ya shambani. Nyanya ni zao linalosumbua. Mvua ikizidi, ukungu hushambulia majani. Kukiwa na ukame, wadudu huongezeka. Hali ilizidi kuwa ngumu mwaka 2014, alipoonekana nchini nondo ambaye wakulima wanamwita kantangaze. Asili yake ni Amerika Kusini, kama mmea wenyewe. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda, ambako dawa nyingi hazimfikii vizuri, na mkulima aliyekopa mtaji hujikuta anapuliza tena na tena.

Kwa maoni yangu, si haki kumlaumu mkulima kwa kupuliza. Tatizo ni kuvuna mapema. Lebo ya kiuatilifu hutaja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, na siku hizo hutofautiana kwa kila dawa. Bei ikipanda au mnunuzi akifika na gari shambani, ni rahisi kuzisahau.

Wahispania walipoipeleka nyanya Ulaya kutoka Mexico katika karne ya 16, watu wengi huko waliogopa kuila wakidhani ni sumu, kwa sababu ina undugu na mimea yenye sumu. Tunda lililoiva halikuwa na ubaya wowote. Majani ndiyo yana kemikali isiyofaa kuliwa, hivyo usimwache mtoto ayatafune.

Nyumbani, osha kila nyanya kwa maji yanayotiririka huku ukiisugua kwa vidole. Kama hakuna bomba, mmoja amimine kwa jagi, mwingine asugue. Sabuni haihitajiki. Kumenya ganda hupunguza mabaki zaidi, hasa kwa chakula cha mtoto mdogo. Lakini dawa iliyopenya ndani ya tunda haitoki kwa maji, ndiyo maana inafaa kumuuliza muuzaji zilipuliziwa lini. Mteja wa kila wiki ana nafasi nzuri ya kupata jibu la kweli.

Na kwa sisi wa ukanda wa dhahabu: beseni lililowahi kuchanganyiwa zebaki lisiingie jikoni kabisa, hata likisuguliwa. Zebaki huharibu ubongo wa mtoto anayekua. Chupa za dawa ya shambani nazo zisiwekewe maji wala mafuta ya kula.

Haya yote yasikufanye uiondoe nyanya mezani. Ina vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, jambo muhimu kwa mjamzito na mtoto mwenye upungufu wa damu. Vitamini hiyo hupungua kwa moto, hivyo kachumbari pembeni ya maharage ina faida yake. Ikipikwa kwa mafuta kidogo, mwili hufyonza vizuri zaidi ile rangi yake nyekundu, likopeni, inayosaidia kulinda seli.

Masalo, zile nyanya zilizopondeka zinazouzwa kwa bei ya chini, zinafaa kwa mchuzi zikipikwa siku hiyohiyo. Zenye ukungu au harufu ya kuchacha, tupa nzima. Usikate upande mmoja ukabakiza mwingine.