Gharama ya ukoka haimo kwenye bomba

Anayejenga Mbezi Beach, Goba au Kigamboni, akishamaliza kupaka rangi na kutandika vitofali vya njia ya gari, hubaki na uwanja mbele ya nyumba, na siku hizi uwanja huo aghalabu hupandwa ukoka. Baada ya ukoka linakuja suala la maji, na hapo fundi huulizwa swali moja: kufunga springla ni shilingi ngapi? Swali ni halali, ila linagusa sehemu ndogo ya gharama. Mabomba, vichwa vya springla, pampu na ufundi hulipwa mara moja. Maji hulipwa kila kiangazi kwa miaka yote ambayo ukoka utaishi, na kiasi chake huamuliwa siku ileile fundi anapopima umbali wa kichwa kimoja hadi kingine. Mfumo uliofungwa kwa bei ya chini ndio mara nyingi unaokuja kumgharimu mwenye nyumba zaidi. Na kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, njia ya kwanza ya kupunguza gharama ni kupunguza ukoka wenyewe kabla ya kununua hata bomba moja.

Tuanze na mahitaji ya jani. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, na hesabu yote ya umwagiliaji imesimama hapo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika mwongozo wake wa mwaka 1998 kuhusu mahitaji ya maji ya mimea, linakadiria kwamba nyasi za bustani za nchi za joto hutumia kama asilimia 80 hadi 85 ya maji yanayopotea kwenye nyasi za kipimo zilizoshiba maji. Kwa jua la pwani yetu upotevu huo ni kati ya milimita 4 na 5 kwa siku, kwa hiyo ukoka unataka kama lita 4 kwa kila mita ya mraba. Springla nayo haifikishi kila tone kwenye mizizi. Makadirio ya kawaida ya FAO ni kwamba asilimia 75 ndiyo hufika, wakati umwagiliaji wa matone hufikisha asilimia 90. Ili jani lipate lita 4, basi, inabidi zitoke lita 5 na ushei. Uwanja wa mita 10 kwa 15, ambao si mkubwa kwa viwanja vya pembezoni mwa jiji, utameza kama lita 800 kwa siku. Kwa mwezi mkavu hizo ni lita 24,000, na kwenye mita ya maji zitasomeka uniti 24.

Sasa tuzigeuze kuwa shilingi. Bei hutofautiana, kwa hiyo msomaji aweke ya kwake. Kwa mfano tu, tuseme uniti moja ya maji ya bomba ni shilingi 2,000. Uniti 24 zitakuwa shilingi 48,000 kwa mwezi, kwa ajili ya majani peke yake. Pale ambapo bomba halitoi na maji yanaletwa na boza, hesabu inabadilika sura: boza la lita 10,000 likinunuliwa kwa shilingi 100,000, uniti moja inakuwa shilingi 10,000 na ukoka uleule unadai shilingi 240,000 kwa mwezi. Umeme, ambao wengi huuogopa kuliko maji, ni kitu kidogo hapa. Pampu ya nguvu farasi moja hula takriban kilowati moja, na kutoa lita 800 kwa siku hakuitaki ifanye kazi hata nusu saa. Kwa mwezi ni kama uniti 10 za LUKU. Anayelipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ile bei ya watumiaji wa kawaida iliyozoeleka kwa miaka kadhaa, atatumia karibu shilingi 3,000. Mwenye kisima kirefu atalipa zaidi kwa sababu pampu yake inapandisha maji kutoka mbali, lakini kwa anayenunua maji kinacholiwa ni maji yenyewe.

Ndiyo maana ubora wa ufungaji una thamani kubwa kuliko bei yake. Jambo linaloharibu mifumo mingi ni presha. Tangi lililokaa juu ya mnara wa mita 6 hutoa presha ya baa 0.6 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo huzaa takriban baa 1. Springla ndogo zinazorusha maji kama feni hufanya kazi vizuri kwenye baa 2 hivi, na zile zinazozunguka polepole huhitaji kama baa 3. Kuunganisha springla moja kwa moja na tangi la juu, kama inavyofanywa ili kukwepa gharama ya pampu, ni kununua vichwa ambavyo havitaamka. Presha ikizidi nayo ni hasara: maji hukatika kuwa ukungu na kubebwa na upepo. Miezi yetu mikavu ya Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kusi, na springla inayowashwa saa tisa alasiri katika msimu huo inamwagilia ukuta wa jirani. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, maji yaleyale yanatua pale yalipokusudiwa.

Kosa la pili ni umbali kati ya vichwa. Kichwa kinachorusha maji karibu mita 5 hakiwezi kusambaza sawasawa peke yake, na kanuni ya kazi hii ni kwamba mrusho wa kichwa kimoja ufike kwenye kichwa cha jirani yake. Kwa uwanja wetu wa mita 10 kwa 15 hiyo ni vichwa 12: vinne pembeni kabisa vinavyorusha robo ya duara, sita vya kingoni vinavyorusha nusu, na viwili vya katikati vinavyorusha duara zima. Kwa pamoja vinataka kama lita 84 kwa dakika, kiasi ambacho pampu ndogo ya nyumbani haikiwezi kwa mkupuo, kwa hiyo fundi mwenye ujuzi huvigawa katika sehemu mbili zinazopokezana. Fundi anayetaka kushinda kwa bei hufunga vichwa saba au vinane na kuvitawanya. Siku ya makabidhiano kila kitu kinarusha maji na mteja anafurahi. Baada ya wiki kadhaa za jua yanatokea mabaka ya kahawia kati ya vichwa, na mwenye nyumba hufanya jambo la pekee lililo mikononi mwake: anaongeza dakika. Mabaka yanapona kidogo, lakini sehemu zilizokuwa zimeshiba zinafurika. Mchanga wa pwani haushiki maji. Yanayozidi hushuka chini ya mizizi pamoja na mbolea. Akiba ya vichwa vinne au vitano imegeuka kuwa bili ya kila mwezi.

Hata mfumo uliofungwa vizuri unaweza kuharibiwa na dakika. Springla za aina ya feni hunyesha kwa kasi ya milimita 30 hadi 40 kwa saa, ambayo ni mvua kubwa. Kwa vichwa vyetu 12, mahitaji ya siku yanatimia kwa dakika zisizofika 10 kwa kila sehemu. Dakika 30, namba ambayo mtu huichagua kwa sababu tu ni nusu saa, hutoa lita 2,520 kwa siku badala ya 800. Tofauti ni zaidi ya uniti 51 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 100,000 kwa bei yetu ya mfano, na kwa miezi sita ni zaidi ya shilingi 600,000 zilizopotelea mchangani. Na kifaa cha kupima muda hakijui kuwa masika yameanza. Utafiti mkubwa wa matumizi ya maji majumbani uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliofuatilia nyumba karibu 1,200 katika sehemu 12 za Marekani na Kanada, ulikuta kwamba wenye springla za kufukiwa ardhini walitumia maji ya nje asilimia 35 zaidi ya wasiokuwa nazo. Waliokuwa na kifaa cha kujiwasha chenyewe walitumia asilimia 47 zaidi. Waliomwagilia kwa mpira mkononi walitumia asilimia 33 pungufu ya wengine.

Matokeo hayo yanaleta pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: kama ni hivyo, si bora mpira na mtunza bustani? Kwa uwanja mdogo ndiyo, tena bila shaka. Mtu anaona udongo uliolowa na anaiona mvua ikija. Lakini mpira wa kawaida hutoa kama lita 15 kwa dakika. Lita 800 zinataka karibu saa nzima ya mtu kusimama kila siku, na anayechoka huishia kulowesha juu juu, mizizi ikabaki kiu. Pale ambapo uwanja ni mpana, au nyumba haina mtu wa kudumu, springla inastahili nafasi yake, mradi iwe na kihisi mvua cha kuizima na mtu wa kubadilisha dakika kila msimu unapogeuka. Kihisi hicho ni sehemu ndogo ya bei ya mfumo mzima, na ndicho cha kwanza kufutwa mteja anapoomba apunguziwe.

Pingamizi la pili ni la wenye visima: maji yangu ni bure. Si bure. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayahesabu maji ya ardhini kuwa mali ya umma, na kuyachota kwa kisima kirefu kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, ambayo kwa Dar es Salaam ni Bonde la Wami/Ruvu. Zaidi ya sheria, kuna chumvi. Katika maeneo ya karibu na bahari, kuvuta maji mengi ya ardhini kumeyaruhusu maji ya bahari kujipenyeza kwenye visima, na kila uniti inayovutwa kwa ajili ya majani inaongeza mwaliko huo. Springla ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kutumia maji ya chumvi, kwa sababu huyatua juu ya jani. Yakikauka, chumvi hubaki na kuliunguza, na matundu ya vichwa huziba. Zipo nyasi zinazovumilia, kama paspalamu, lakini mwenye kisima ambacho chai yake tayari ina ladha ya chumvi anapaswa kusikia onyo la jiji zima katika kikombe hicho.

Lipo pia jibu la anayesema: bili nalipa mimi, nani ataniuliza? Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, uzalishaji wa maji ya Dar es Salaam ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi karibu milioni 300, na jiji likaingia kwenye mgao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa mahitaji ya msingi; lita 800 za uwanja wetu ni maji ya watu wanane kwa uchache. Na ukoka huwa na kiu zaidi katika miezi ileile ambayo mto una machache. Springla ya kuzunguka kwa kugonga ilibuniwa California mwaka 1933 kwa ajili ya kilimo, kisha ikahamia kwenye nyasi za nyumba. Leo, katika Marekani hiyohiyo, mamlaka ya maji ya Las Vegas na miji inayoizunguka inawalipa wenye nyumba wang'oe nyasi, mpango ulioanza mwaka 1999. Sheria ya Nevada ya 2021 imekwenda mbali zaidi: kuanzia 2027 inakataza maji ya Mto Colorado kumwagiliwa nyasi za mapambo tu, ingawa nyumba za familia moja zimeachwa nje ya katazo hilo. Hatuna sababu ya kuipita njia yote hiyo ndipo tujifunze.

Wanaoupenda ukoka watasema unatuliza vumbi, unapoza uwanja, watoto wanacheza juu yake. Yote ni kweli, na hakuna linalodai mita za mraba 150. Mita 60 mahali watoto wanapocheza, mwarobaini au mwembe wa kivuli, na vichaka vinavyonyweshwa kwa matone kando ya ukuta vitafanya kazi hiyohiyo. Mahitaji ya ukoka huo yatashuka hadi lita 320 kwa siku, chini ya uniti 10 kwa mwezi. Na hapo ndipo paa linapoanza kusaidia: paa la mita za mraba 200 likipata milimita 30 za mvua ya vuli hukusanya karibu lita 5,000 hata baada ya upotevu, akiba ya wiki mbili kwa uwanja wa mita 60 lakini ya siku sita tu kwa ule wa 150. Akiba hiyo haivuki Juni hadi Septemba, ni kweli, ila inaziba mapengo kati ya mvua na mvua.

Ukiletewa makadirio ya gharama, usianze kwa kuomba upunguziwe. Mwombe fundi aandike kwenye karatasi presha itakayofika kwenye kichwa cha mwisho, milimita ambazo mfumo utanyesha kwa saa, na dakika za kila msimu. Mwombe pia afunge mita ndogo kwenye bomba la bustani peke yake. Kisha, kabla hajachimba mtaro wa kwanza, pima upya uwanja wako na uamue ni mita ngapi za ukoka unazozihitaji kweli.