Shilingi 2,000 za Mzee Zinunue Chakula Gani?

Wazee wengi wa Kilifi wameandikishwa katika mpango wa Inua Jamii. Mzee wa miaka 70 au zaidi aliyeandikishwa hulipwa na serikali ya Kenya shilingi 2,000 kwa mwezi.

Gawanya fedha hizo kwa siku 30. Utapata shilingi 66 na senti kidogo kwa siku. Tena mzee hali peke yake. Bibi wengi wanalea wajukuu, na wote wanakula chungu kimoja.

Kushiba si kujengeka

Uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha jambo la kusikitisha. Katika Kilifi, watoto 37 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Masomo pia huweza kumpa taabu.

Mtoto anaweza kushiba kila siku na bado akadumaa. Tumbo limejaa sima, lakini mwili haukupata cha kuujenga.

Mwili unataka vyakula vya aina tatu:

1. Vya kutia nguvu: mahindi, muhogo, viazi vitamu, mafuta.
2. Vya kujenga mwili: kunde, pojo, mbaazi, dagaa, mayai, maziwa.
3. Vya kulinda mwili: mchicha, mnavu, majani ya kunde, mapapai, maembe.

Usinunue kinachoota nyumbani

Panda mchicha karibu na jiko. Umwagilie maji uliyooshea mboga. Baada ya wiki tatu au nne utaanza kuchuma. Panda kunde pia, kwa maana utakula majani kwanza, kisha mbegu. Panda na mpapai.

Sasa fedha zako zitabaki kwa vitu ambavyo shamba halikupi.

Siku ya malipo

Kwanza nunua vya kujenga mwili vilivyo vikavu, kama kunde na dagaa. Havihitaji barafu. Nunua vya kutosha kwa mara moja, kwa sababu ukinunua kidogo kidogo mwisho wa mwezi utakuwa umelipa zaidi. Anika kunde juani, kisha uziweke katika chombo chenye kifuniko ili wadudu wasiingie.

Pili nunua unga na mafuta kidogo. Unga usiokobolewa una virutubisho zaidi. Soda na mandazi ziwe za mwisho. Soda moja hula sehemu kubwa ya shilingi 66.

Malipo huweza kuchelewa. Mchicha wa nyuma ya jiko hauchelewi.

Chakula cha siku moja

Asubuhi: uji uliotiwa unga wa dagaa. Twanga dagaa wakavu mpaka wawe laini. Mtoto mdogo atakula, na mzee asiye na meno atakula pia.

Mchana: sima, kunde na mchicha. Loweka kunde usiku ili ziive upesi na kuni zisiishe. Mchicha usiupike sana, na utie mafuta kidogo.

Jioni: viazi vitamu na kunde zilizobaki, na kipande cha papai.

Mpe mtoto mdogo sahani yake mwenyewe. Akila na wakubwa, mboga zitakwisha kabla hajashiba.

Ndugu, anza na kitanda kimoja cha mchicha wiki hii. Ukikwama, mwite ofisa wa kilimo aje akuonyeshe. Shilingi 66 ni kidogo, lakini zikishirikiana na jembe zitamkuza mjukuu wako.