Kinderdijk: Ngano ya Usuli na Historia ya Kijiji

Ngano ya usuli hueleza chanzo cha jina, hali au tabia fulani. Mtahiniwa hana budi kuitofautisha na historia, hata pale ambapo zote mbili zinahusu tukio moja. Kijiji cha Kinderdijk nchini Uholanzi ni mfano mwafaka.

Ngano

Kinderdijk kipo mahali ambapo mito ya Lek na Noord hukutana. Maana ya jina hilo ni 'tuta la watoto'. Inasimuliwa kwamba baada ya gharika kubwa ya Novemba 1421, watu waliona kitanda cha mtoto mchanga kikielea majini. Paka alikuwa akiruka huku na huku juu yake ili kisipinduke. Kilipofika kwenye tuta, mtoto alikutwa amelala, hajalowa hata kidogo.

Historia

Gharika hiyo ilitokea kweli. Sehemu kubwa ya eneo jirani la Grote Waard ilimezwa na maji. Hata hivyo, shida ya Kinderdijk haikuwa ya usiku mmoja. Wakulima walichimba mifereji ili wakaushe ardhi yenye majimaji. Udongo huo ulipokauka, ulididimia. Ardhi iliposhuka, maji hayakuweza tena kutiririka yenyewe hadi mtoni. Walivyozidi kuikausha ndivyo ilivyozidi kushuka.

Mwaka wa 1738 vilijengwa vinu 8 vya upepo, na mwaka wa 1740 vingine 8. Vinu hivyo viliinua maji kutoka mifereji ya chini hadi hifadhi ya juu. Mto ulipopungua, milango ilifunguliwa, maji yakaingia mtoni. Leo vipo vinu 19, na tangu 1997 vimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kazi kubwa sasa hufanywa na pampu za injini. Zikizimwa, mashamba yatafurika.

Zingatia

Usiandike kwamba ngano ni uongo, ukaishia hapo. Eleza dhamira yake. Mtoto aliokoka kwa sababu paka hakutulia; kijiji kimedumu kwa sababu kila kizazi kimeendelea kuyatoa maji.

Maswali ya marudio

1. Taja sifa mbili za ngano ya usuli zinazojitokeza katika masimulizi ya Kinderdijk. (alama 2)
2. "Ngano na historia hukamilishana." Fafanua kwa kurejelea kijiji hiki. (alama 4)