Je, Wajua? Rili Zilizolala Sandukuni

Je, wajua kwamba kuna siku maalumu kila mwaka ambayo watu hutoa filamu za familia sandukuni na kuzitazama pamoja na majirani? Inaitwa Home Movie Day, yaani Siku ya Filamu za Nyumbani. Ilianzishwa na watunza filamu watano wa Marekani, na mara ya kwanza ikafanyika tarehe 16 Agosti 2003. Siku hizi huangukia mwezi Oktoba na husherehekewa katika nchi nyingi, Japani na Italia zikiwamo. Mtu anakuja na rili yake. Asiye na rili naye anakaribishwa atazame za wenzake.

Je, wajua kilichowasukuma waanzilishi hao? Watu walikuwa na filamu lakini hawakuwa na mashine ya kuzionyeshea. Wengine walikwishahamishia picha kwenye kanda za video, kisha wakaitupa filamu yenyewe. Kanda za video huchakaa upesi. Filamu iliyotunzwa vizuri hukaa miongo na miongo.

Je, wajua filamu hizi zinatofautianaje na za sinema? Sinema ya ukumbini ilitumia ukanda wenye upana wa milimita 35. Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa ukanda wa milimita 9.5 kwa ajili ya nyumbani, matundu yake yakiwa katikati, kati ya picha na picha, badala ya pembeni. Mwaka 1923 Kodak ikaja na milimita 16. Mwaka 1932, uchumi wa dunia ukiwa umeporomoka na watu wakibana matumizi, ikaleta milimita 8. Super 8 ikafuata mwaka 1965.

Ukanda ule wa mwaka 1932 ulikuwa na ujanja wake. Kwa hakika ulikuwa na upana wa milimita 16. Mpiga picha alijaza nusu moja ya upana, akageuza rili, akajaza nusu ya pili. Maabara iliupasua katikati kwa urefu na kuunga vipande viwili kuwa kimoja. Futi 25 zikawa 50, sawa na dakika nne hivi. Aliyekosea kugeuza alipiga picha mbili mahali pamoja, bibi harusi akaonekana anatembea juu ya mawimbi ya bahari.

Je, wajua udogo wa picha yenyewe? Fremu moja ya milimita 8 ina upana wa milimita 4.8 na kimo cha milimita 3.5. Haifikii punje ya hindi. Ukiitupia kwenye shuka lenye upana wa mita mbili umeikuza zaidi ya mara 400. Ndiyo maana uzi mmoja wa vumbi ulionasa mlangoni mwa lenzi huonekana kama kamba ya ngalawa inayocheza katikati ya uso wa mtu. Brashi laini ni kitu cha kwanza mezani.

Mwandaaji wa siku hiyo na azijue hesabu hizi pia. Kasha la Super 8 lina picha 3,600. Kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde, hizo ni dakika tatu na sekunde 20. Mashine nyingi hukatiza mwanga mara tatu kwa kila picha ili jicho lisione kumeta. Picha 18 huwa miale 54, na ubongo unaamini kwamba mtoto yule anakimbia kweli.

Je, wajua kwamba kazi kubwa hufanyika mchana, kabla ya taa kuzimwa? Mwenye rili anafika mlangoni, anaandikiwa fomu: jina la familia, nani alipiga, wapi, lini, nani wamo. Kisha rili inapelekwa kwenye meza ya ukaguzi. Pale kuna vizungushio viwili vya mkono, taa nyeupe na glavu za pamba. Mkaguzi anaupitisha ukanda taratibu huku ameushika kingo kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole huona kabla ya macho: hapa tundu limechanika, hapa kiungo cha zamani kimeachia gundi, hapa ukanda umejikunja kama jani kavu. Anasimama, anarekebisha, anaendelea. Rili ya dakika nne inaweza kumchukua nusu saa.

Kiungo kilichoachia hakifungwi kwa selotepu. Gundi yake hutoka jasho kwa joto la taa, hushikana na mzunguko wa juu yake, na siku ukifungua unabandua picha pamoja nayo. Kuna utepe maalumu wa filamu, uliotobolewa matundu tayari.

Je, wajua kwamba pua ni kifaa cha mtunza filamu? Kanda nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa asetati ya selulosi. Asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Ukifungua kopo na kupigwa na harufu ya achari, rili inaumwa. Mbaya zaidi, asidi hiyo huongeza kasi ya kuoza: kadiri inavyotoka ndivyo inavyozidi kutoka, na ukanda husinyaa hadi matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine. Ukisinyaa kwa asilimia moja tu, kuuonyesha ni hatari. Kopo lililofungwa kabisa hewa isipite huharakisha ugonjwa. Rili inayonuka itengwe na zenzake, ihamishiwe kwenye kompyuta mapema, isipitishwe kwenye projekta.

Kwa sisi wa Pwani hili si jambo la mbali. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 na kubaki hapo, kuvu hupata nafasi, na chakula chake ni jelatini iliyoshika picha, ambayo hutokana na mifupa na ngozi za wanyama. Nyumba za Tanga, Mombasa na Unguja zina unyevu huo kwa miezi mingi. Sanduku la bati juu ya dari, mahali tunapopenda kuficha vitu vya thamani, ndipo mahali pabaya kuliko pote kwa filamu.

Je, wajua kwamba ukanda huu hauripuki? Wengi wamesikia habari za filamu zilizoteketeza majumba ya sinema wakaogopa kuweka rili nyumbani. Zile zilikuwa za naitreti, za milimita 35. Kodak haikutengeneza milimita 16 wala 8 za naitreti, kwa sababu zilikusudiwa kuonyeshwa sebuleni mbele ya watoto.

Hata hivyo zinaungua. Mashine ikikwama na taa ikaendelea kuwaka, doa la kahawia huzuka katikati ya picha, linapanuka, linatoa povu, kisha skrini inakuwa nyeupe tupu. Ni sekunde mbili. Kwa hiyo mwendesha mashine hakai mbali na swichi, na hatazami filamu. Anatazama kile kitanzi kidogo cha ukanda kilichoachwa juu na chini ya lenzi. Kitanzi kikipotea, picha huanza kuruka, naye huzima papo hapo.

Mengine ya mashine, kwa haraka. Mikanda ya mpira ndani ya projekta za zamani huyeyuka ikawa kama ulimbo. Ijaribu wiki mbili kabla, si jioni yenyewe. Balbu ya halojeni haishikwi kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huipasua ikipata moto. Balbu ya akiba iwepo. Ukanda wa 8 na wa Super 8 una upana mmoja lakini matundu tofauti. Ukiulazimisha mmoja kwenye mashine ya mwingine utaurarua. Tazama tundu la katikati ya rili: la Super 8 ni kubwa zaidi.

Je, wajua kwamba filamu kama hizo ni historia? Filamu iitwayo Our Day, iliyopigwa mwaka 1938 na Wallace Kelly huko Lebanon, Kentucky, inaonyesha siku moja tu ya familia yake. Mwaka 2007 iliingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani, pamoja na kazi za watengenezaji wakubwa.

Orodha hiyo ina mengine ya kushangaza. Mchungaji Solomon Sir Jones, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa, alizunguka Oklahoma kati ya 1924 na 1928 akiwa na kamera ya milimita 16. Alipiga ubatizo, mazishi, shule na biashara za watu Weusi, miaka michache tu baada ya mtaa wao wa Tulsa kuchomwa moto mwaka 1921. Zimebaki rili 29. Dave Tatsuno, aliyefungiwa kambi ya Topaz huko Utah pamoja na Wamarekani wengine wenye asili ya Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipiga filamu ya milimita 8 ya rangi kwa kamera iliyoingizwa kambini kwa siri. Na ukanda maarufu kuliko yote, wa sekunde 26, unaoonyesha kuuawa kwa Rais Kennedy tarehe 22 Novemba 1963, ulipigwa na mtengeneza nguo aliyekuwa ametoka tu kumtazama Rais akipita. Mwaka 1999 iliamuliwa kwamba serikali iwalipe warithi wake dola milioni 16.

Chicago wana mradi ninaouheshimu kuliko yote ya aina hii. Mwaka 2005 Profesa Jacqueline Stewart wa Chuo Kikuu cha Chicago alianzisha South Side Home Movie Project, unaokusanya filamu za familia za wakazi wa upande wa kusini wa mji huo. Wahusika hawachukui rili tu. Wanakaa na wenye filamu, wanarekodi masimulizi yao, kisha wanazionyesha mtaani kwao. Hapo ndipo ilipo siri. Filamu nyingi za nyumbani hazina sauti. Picha inaonyesha mama mwenye gauni la madoadoa akicheka na mtu asiyeonekana. Ni yule binti yake, leo mwenye mvi, anayejua mama alikuwa anamcheka nani. Asiposema jioni ile, jambo hilo halimo kwenye ukanda wala kwenye kitabu chochote. Weka maikrofoni karibu na kiti cha mwenye filamu, na uwashe kinasa sauti.

Je, wajua kwamba Usambara ina sehemu katika historia ya ukanda huu? Kati ya 1935 na 1937 pale Vugiri, Korogwe, palikuwa na studio ya mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Aliyeuongoza upande wa filamu, L. A. Notcutt, alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge. Walitengeneza filamu 35 za milimita 16 kwa maelezo ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, sauti ikitoka kwenye santuri, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Zinazojulikana kuwa zimebaki ni tatu tu. Nyingine 32 walizoziona babu zetu zimekwenda.

Na Bristol, Uingereza, jalada la mji linatunza filamu zipatazo 2,000 za enzi za ukoloni, nyingi zikiwa za wasio wataalamu: maofisa, wake zao, wakulima. Ndani yake wamo wapishi, madereva na watoto wa Afrika Mashariki ambao majina yao hayakuandikwa. Wapo wajukuu ambao wangewatambua. Natamani siku moja rili hizo zitundikiwe shuka Korogwe au Nakuru, watu watazame, wanyooshe vidole.

Je, wajua kwamba ruhusa ni sehemu ya uandaaji? Rili ambayo mwenyewe hajaiona kwa miaka 40 inaweza kuwa na talaka, jeneza, au ndani ya harusi ambamo akina mama walijua hakuna mwanamume. Itazameni faraghani kwanza pamoja na mwenyewe. Ya akina mama ionyeshwe kwa akina mama. Mwenye filamu akisema hapana mbele ya watu, ni hapana.

Ukanda huu haujafa. Super 8 mpya bado inatengenezwa, na mwishoni mwa 2023 Kodak ilianza kuuza kamera mpya ya Super 8. Kilichokufa ni Kodachrome, filamu ya rangi iliyopendwa tangu 1935: maabara ya mwisho duniani, huko Parsons, Kansas, ilipokea rili za mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Rangi zake gizani hudumu kuliko za filamu nyingine nyingi; wekundu wa kanga ya mwaka 1955 bado ni wekundu.

Basi ndugu msomaji, kama kwenu kuna kopo la rili, lifungue wiki hii na ulinuse. Muulize aliye mzee kuliko wote nyumbani ni akina nani wamo, uandike majina kwa penseli kwenye karatasi uiweke pamoja na kopo. Lihamishe kutoka darini hadi mahali pakavu na pa baridi. Na hata ukishaihamishia kwenye kompyuta, filamu yenyewe usiitupe.